Filamu za Kutisha za Ulaya ya Zamani: Ipi Utazame, na kwa Nakala Gani

Mtu akikuambia Nosferatu inachosha, muulize kwanza nakala aliyotazama ilikuwa ya dakika ngapi. Akisema saa moja na dakika chache, hajaiona bado. Alichoona ni watu wanaotembea kwa kurukaruka, picha za kijivu zisizo na usiku wala mchana, na piano iliyobandikwa juu bila kujali kinachoendelea. Nakala za namna hiyo ndizo zimejaa kwenye flashi kuanzia Kondele hadi katikati ya Nakuru, na ndizo zilizowaaminisha wengi kwamba filamu za kutisha za kale ni za kuchekwa.

Kwa hiyo hapa tunapima mambo mawili kwa pamoja, filamu yenyewe na nakala unayopaswa kuitafuta. Filamu hizi hazikuwa na kompyuta ya kuchora mazimwi. Hofu yake imekaa kwenye kivuli, kwenye mwendo wa taratibu na kwenye sauti, na nakala mbovu huharibu hayo matatu kabla ya kitu kingine chochote.

Tuanze na Nosferatu yenyewe. Friedrich Wilhelm Murnau aliitoa Ujerumani mwaka 1922, enzi ambazo kamera ilizungushwa kwa mkono. Nakala iliyorekebishwa na taasisi ya Friedrich-Wilhelm-Murnau-Stiftung huendeshwa kwa fremu 18 kwa sekunde na kuchukua dakika 94. Picha zilezile ukiziendesha kwa fremu 24, ambayo ndiyo kasi ya filamu zenye sauti, zinaisha kwa dakika 70 hivi, na Max Schreck, aliyeigiza mnyonya damu Count Orlok kwa ukakamavu wa maiti, anageuka mzee mwenye haraka zake. Nakala fupi kuliko hapo kwa kawaida imekatwa pia. Kama huna nyingine ila hiyo ya mbio, ifungue kwa VLC kwenye laptopu, bonyeza kitufe cha [ hadi kasi ishuke kwenye 0.8 au 0.7, kisha uzime sauti kwa sababu muziki utaburutika. Vipande vilivyokatwa havitarudi, lakini angalau Orlok atakuwa Orlok.

Jambo la pili ni rangi. Ukanda wa filamu wa wakati ule haukuweza kunasa picha gizani, hivyo matukio ya usiku ya nje yalipigwa mchana, kisha ukanda ukatiwa rangi: bluu kwa usiku, manjano kwa mchana na kwa taa za ndani, waridi kwa alfajiri. Mtazamaji wa 1922 alisoma rangi hizo bila kufundishwa. Ziondoe, na hadithi yote inavunjika, maana mnyonya damu anayeuawa na mwanga wa jua anaonekana akibeba jeneza lake mjini jua likiwaka. Na huko kufa kwa jua kulibuniwa na filamu hii. Dracula wa Bram Stoker, katika riwaya ya 1897, hutembea mchana bila kudhurika. Kwa hiyo nakala isiyo na rangi inakunyima hasa kile ambacho Murnau na wenzake waliongeza kwenye hadithi za wanyonya damu, na ambacho filamu nyingi za vampaya zilizofuata zimekiazima.

Sababu ya nakala kuwa nyingi na mbovu hivi ni kesi. Kampuni ya Prana-Film, iliyotengeneza Nosferatu kutokana na Dracula, haikununua haki za riwaya. Mjane wa Stoker, Florence, aliishtaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Zilizonusurika ni zile zilizokuwa zimeshavuka mpaka, kila moja ikiwa na maandishi yake, urefu wake na makovu yake. Leo utaikuta bure kwenye Internet Archive, ila muziki mpya na marekebisho mapya bado yana wenyewe. Ukiwa unachagua, angalia vitu vitatu kabla hujapakua: dakika 94, rangi inayobadilika usiku ukiingia, na jina la Hans Erdmann, aliyetunga muziki wa awali.

Kipande kimoja kinatosha kupima nakala yako. Karibu na mwisho, Orlok anapanda ngazi kwenda chumbani kwa Ellen, mwanamke anayemwinda, nasi hatumwoni yeye, tunaona kivuli chake tu ukutani, mgongo umepinda na vidole vimerefuka. Kisha kivuli cha mkono kinapita juu ya gauni jeupe la Ellen, kinafika kifuani na kufumba ngumi, naye anajikunyata kana kwamba ameshikwa moyo kwelikweli. Kwenye nakala nzuri unahesabu vidole kimoja kimoja. Kwenye nakala mbovu ni doa tu. Usipoona vidole, iache, tafuta nyingine.

Kuna faida moja ambayo watazamaji wa kwetu wanayo na hawaitumii. Filamu bubu huja na kadi za maandishi, na sisi tumekuzwa na vibanda vya video ambako DJ anasimulia muvi kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Mteue mtu mwenye sauti nzuri asome kila kadi kwa Kiswahili inapotokea, kisha anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu, kwa kuwa msimuliaji wa filamu za ngumi amezoea kujaza kila sekunde. Hapa akiongea wakati wa kivuli cha ngazi, amekiua. Kadi hizi zina maneno ya kutosha kubeba hadithi, na hata babu au shangazi asiyetaka kuhangaika na Kiingereza atafuata kila kitu.

Kabla ya kufika Italia, weka TV sawa, kwa sababu filamu zinazofuata zitakushinda usipofanya hivyo. TV nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye hali ya Vivid au Dynamic, iliyowekwa ili zing'ae chini ya taa kali za duka. Ihamishie kwenye Movie au Cinema. Zima kipengele cha kulainisha mwendo, ambacho kwenye menyu nyingi kina neno Motion ndani yake, kwa maana hicho hubuni fremu ambazo mwongozaji hakuzipiga na kufanya filamu ya 1960 ifanane na taarifa ya habari. Kisha umbo la picha. Nosferatu ni karibu mraba, 1.33 kwa 1, na inapaswa kuacha nafasi nyeusi kulia na kushoto. Ikijaza skrini nzima, nyuso zimetanuliwa au vichwa vimekatwa. Kwenye VLC kitufe cha A hubadilisha umbo, na kwenye TV tafuta Original au 4:3.

Mwangaza ndio hukosewa zaidi. Watu wakiona giza wanapandisha Brightness hadi nyeusi inakuwa kijivu, halafu wanalalamika kwamba picha imefifia. Fungua filamu pana yenye vipande vyeusi juu na chini, kwa mfano Suspiria, zima taa zote, kisha shusha Brightness polepole hadi vipande hivyo vifanane na fremu ya TV yenyewe. Hapo simama. Ukiendelea kushusha utameza mikunjo ya nguo na nywele. Kama bado huoni, tatizo si mwangaza wa TV, ni mwanga unaoingia dirishani. Kisumu tunafungua madirisha kwa joto, na taa ya usalama ya jirani inamulika moja kwa moja kwenye skrini. Geuza TV iwe upande mmoja na dirisha, mwanga usiipige usoni.

Kisha kuna suala la ukubwa wa faili. MB 700 kwa filamu ya dakika 90 ni kama megabiti 1 tu kwa sekunde. Vichekesho vya mchana vitavumilia. Ukungu, moshi na kuta zenye giza havivumilii, vinageuka vigae vinavyocheza. Kwa filamu za nyeusi na nyeupe tafuta angalau GB 2, na kwa Suspiria GB 4 kwenda juu. Data ni ghali, najua, lakini afadhali filamu moja nzuri mwezi huu kuliko nne zilizojaa vigae.

Sasa La maschera del demonio ya Mario Bava, Italia, 1960, dakika 87, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Black Sunday. Kwa mtu anayeanza, hii ndiyo ya kwanza kumpa, hata kabla ya Nosferatu. Hadithi ni nyepesi: mchawi Asa anauawa Moldavia mwaka 1630, na karne mbili baadaye madaktari wawili wasafiri wanaivuruga maiti yake, naye anaanza kuutamani mwili wa Katia, binti wa ukoo wake. Barbara Steele anaigiza wote wawili. Uzito wa filamu uko kwenye dakika za mwanzo. Kinyago cha chuma chenye miiba ndani kinasogezwa usoni pake, kamera inakaa mahali pa macho yake ili miiba ije kwako wewe, kisha nyundo kubwa inapigwa. Uingereza waliipiga marufuku, na haikuruhusiwa huko hadi 1968.

Bava alikuwa mpiga picha kabla ya kuwa mwongozaji, na hii filamu aliipiga mwenyewe. Ndiyo maana kila fremu ina tabaka tatu au nne: tawi karibu na kamera, ukungu katikati, ukuta nyuma, na mwanga mdogo unaotoboa kutoka pembeni. Tazama gari la farasi linalokuja kumchukua Dakta Kruvajan, mmoja wa wale madaktari wawili, usiku. Bava amelipunguza mwendo, na linapita kana kwamba halikanyagi ardhi. Hapo ndipo faili dogo linapoumbuka, ukungu unaganda na kuvunjika vipande.

Nakala ya kuepuka ni ile ya Marekani. Wasambazaji wa kule waliipunguza na kuubadilisha muziki wa Roberto Nicolosi kwa wa Les Baxter, ambao unapiga kelele mahali ambapo Bava alitaka ukimya. Soma majina ya mwanzo. Ukiona Les Baxter, unayo hiyo. Na midomo isipolingana na maneno usianze kubonyeza J na K kusogeza sauti. Filamu za Italia za wakati huo zilitiwa sauti studio baada ya kupigwa, kwa Kitaliano na kwa Kiingereza pia, na hata sauti ya Kiingereza ya Steele si yake. Faili lako ni zima.

Anayependa kujua vitu vinavyofanyika atafute pia I vampiri ya 1957, ambayo Riccardo Freda aliianza na Bava akaimalizia. Ndani yake uso wa Gianna Maria Canale unazeeka mbele ya kamera bila kukatwa. Makunyanzi yalichorwa kwa rangi nyekundu. Chini ya mwanga mwekundu rangi hiyo haionekani kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe, na mwanga ukibadilishwa kuwa kijani, mistari inajitokeza myeusi. Hakuna ujanja mwingine. Filamu nzima si nzuri sana, inalegea katikati, lakini kile kipande peke yake kinastahili muda wako.

Ufaransa, mwaka huohuo wa 1960, Georges Franju alitoa Les Yeux sans visage. Kwangu hii ndiyo kali kuliko zote zilizotajwa hapa, na haina jini, mchawi wala mnyonya damu. Ni daktari wa upasuaji, anayeigizwa na Pierre Brasseur, ambaye ajali aliyoisababisha iliuharibu uso wa binti yake, naye anaiba nyuso za wasichana ili ampandikizie. Edith Scob, kama binti, anavaa kinyago cheupe laini karibu filamu nzima, na yaliyobaki ni macho yake tu. Kinyago kinafanana na uso wa kawaida kiasi kwamba ubongo unasubiri kitabasamu, na hakitabasamu.

Kipande cha upasuaji kinaoneshwa waziwazi. Penseli inachora mstari kuzunguka uso, kisu kinafuata mstari, vibano vinashika kingo moja baada ya nyingine, ngozi inainuliwa. Hakuna muziki. Unasikia pumzi na vyombo. Franju hakatishi picha pale ambapo mwongozaji mwingine angekuonea huruma, na ndiyo maana kinauma hadi leo. Baadaye kuna mfululizo wa picha za mnato za uso uliopandikizwa ukioza, daktari akisoma maelezo kwa sauti ya mtu anayeandika ripoti. Watoto wasiwepo. Mwenye kuogopa sindano naye ajue mapema.

Marekani waliitoa 1962 ikiwa imekatwa na kutiwa Kiingereza, kwa jina la The Horror Chamber of Dr. Faustus. Iepuke, tafuta ya Kifaransa yenye manukuu. Weka faili la manukuu kwenye folda moja na filamu, yawe na jina lilelile, VLC itayasoma yenyewe. Yakichelewa au yakiwahi kwa kiwango kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, vitufe vya G na H vinayasogeza. Yakianza sawa halafu yakazidi kuachana na maneno kadiri filamu inavyosonga, G na H hazitasaidia kitu. Maana yake filamu yako ni ya fremu 24 kwa sekunde na manukuu yametengenezewa nakala ya TV ya Ulaya ya fremu 25, au kinyume chake. Kwa filamu ya dakika 90 tofauti hufika karibu dakika 4 mwishoni. Tafuta manukuu mengine yaliyoandikwa kasi inayolingana na faili lako.

Filamu hii isitazamwe mvua ikinyesha juu ya mabati. Nusu yake ni ukimya, na msimu wa mvua ndefu Kisumu mvua hupenda kuja jioni, saa ileile watu wanapokaa kutazama. Nyumba ya mabati bila dari inahitaji subira hadi mvua ipite, au visikizi vya masikioni. Nakuru, kwenye baridi na madirisha yaliyofungwa, ni mahali pazuri kwa Franju.

Suspiria ni kinyume. Inaanza kwa dhoruba, na bendi ya Goblin inaweza kushindana na mabati yoyote. Dario Argento aliitoa 1977, dakika 98. Jessica Harper ni mwanafunzi wa dansi kutoka Marekani anayefika kwenye chuo cha Freiburg usiku wa mvua. Alida Valli, yuleyule aliyekuwa akimtafutia daktari wa Franju wasichana wa kuchunwa nyuso, hapa ni mwalimu mwenye meno yote nje na mgongo ulionyooka kama wa askari jela. Hadithi ina matundu, tena makubwa. Anayetaka kila jambo lielezwe atakasirika. Anayekubali kwamba rangi na sauti ndizo zinazosimulia atapata filamu isiyo na mfano.

Sikiliza dakika ya kwanza kwa makini. Harper anatembea ndani ya uwanja wa ndege kuelekea mlango wa kioo unaojifungua. Mlango ukifunguka, muziki unaingia na upepo. Ukifungika, muziki unakatika kabisa, inabaki sauti ya kawaida ya uwanja. Ukifunguka tena, unarudi. Argento anakuambia kwamba uovu uko nje unamngoja, na anakuambia kwa sauti tu. Kwenye spika za simu hutalisikia hilo. Wufa ya bei ya chini inatosha, lakini shusha besi hadi nusu, maana iliyowekwa kwa ajili ya bongo na rumba itafunika mnong'ono unaopita katikati ya muziki. Spika mbili zikae usawa wa masikio, zitengane kama mita 2, zisiwe zimesukumwa nyuma ya kabati.

Chagua sauti ya Kiingereza kwa hii, kwa kuwa ya Harper ni yake mwenyewe. Na angalia dakika tena. Nakala ya dakika 94 huenda imeongezwa kasi kwa ajili ya TV za Ulaya, na muziki umepanda sauti pamoja nayo. Mtu anayejua wimbo wa Goblin kutoka kwenye rekodi ataisikia tofauti mara moja.

Rangi zake zilitokana na mpiga picha Luciano Tovoli na namna ya kuchapisha ukanda kwa rangi za Technicolor, ambayo tayari ilikuwa inaachwa. Nyekundu yake ni nzito, lakini haijafutika, ukiangalia kuta za chuo utaona michoro ndani ya wekundu. TV ikiwa kwenye Vivid, kuta zinakuwa bango moja jekundu na uso wa Harper unakuwa chungwa. Shusha Color hadi michoro irudi. Marekebisho ya 2017 yaliyotolewa na Synapse yalisimamiwa na Tovoli mwenyewe, hayo ndiyo ya kuyaamini. Jambo jingine la kutazama ni vitasa vya milango, ambavyo viliwekwa juu kuliko kawaida ili wanawake wazima waonekane kama watoto wanaponyoosha mkono. Ukishaviona, huwezi kuacha kuviona.

Wanaotaka kuonyesha nje kwa projekta, neno kidogo. Projekta ndogo za bei rahisi huandikwa maelfu ya lumeni kwenye boksi, na namba ya kuaminika ni ile yenye neno ANSI mbele yake. Karibu na ziwa, Dunga au Usoma, mwanga wa projekta huita wadudu wa ziwa, nao hujaa kwenye lenzi na kwenye shuka. Kwenye filamu ya rangi hilo ni kero tu, kwenye uso mweupe wa Edith Scob ni balaa. Washa taa kali mita kadhaa pembeni, nyuma ya watazamaji, ianze nusu saa kabla, wengi watavutwa huko. Stima ikipotea na projekta yako ni ya taa ya kawaida, feni imesimama taa ikiwa bado ya moto, kwa hiyo stima ikirudi usiiwashe papo hapo, iache ipoe dakika 15. Anayetoza kiingilio ajue kwamba maonyesho ya hadhara yanahitaji leseni ya KFCB, bodi ya kuainisha filamu ya Kenya.

Dracula ya Hammer, Uingereza, 1958, dakika 82, Terence Fisher akiongoza. Christopher Lee anazungumza mwanzoni tu, kisha hasemi tena hadi mwisho, na Peter Cushing anabeba filamu kwa miguu yake. Pambano la mwisho, mapazia yakiangushwa na vinara viwili vikikutanishwa kufanya msalaba, bado linasisimua. Tafuta marekebisho yaliyotoka 2013, ambayo yana sekunde zilizopatikana Japani za Dracula akiungua. Ni filamu ya kutazama na familia kubwa, inakwenda haraka na haihitaji maelezo.

The Innocents ya Jack Clayton, 1961, dakika 100. Inaanza kwa skrini nyeusi tupu na mtoto anaimba, muda mrefu kiasi cha kukufanya ufikiri faili limeharibika. Usiguse kitu. Freddie Francis aliipiga kwa umbo pana na kuweka vichujio vilivyopakwa rangi pembezoni ili kingo za picha ziwe na giza, kwa hiyo giza la pembeni ni lake, si la TV. Kipande cha mwanamke aliyevaa nyeusi akisimama kimya kati ya matete, ng'ambo ya maji, hewa ikiwa na mvua, kitamgusa kwa namna yake yeyote aliyezoea kuona mafunjo ya pwani ya ziwa saa za jioni. Hafanyi lolote, amesimama tu, na Deborah Kerr anamwona.

Vampyr ya Carl Theodor Dreyer, 1932, si ya kuanzia. Dreyer na Rudolph Maté waliweka kitambaa chepesi mbele ya lenzi ili picha iwe na ukungu wa kijivu, na mtu asiyejua atapandisha mwangaza hadi ifutike. Iache kijivu. Kuna kivuli cha askari kinachoacha mwili wake na kurudi, kuna daktari anayezikwa na unga kwenye kinu, na kuna mtu anayebebwa ndani ya jeneza lenye dirisha huku kamera ikiangalia juu, miti na paa zikipita. Wanaopenda filamu yenye mpangilio wataichukia. Berlin waliizomea siku ya kwanza.

Viy, ya studio ya Kisovieti ya Mosfilm, 1967, inastahili watu wengi zaidi huku kwetu. Mwanafunzi wa dini analazimishwa kusoma sala usiku tatu kanisani, peke yake na maiti ya msichana, naye amejichorea duara la chaki. Hadithi ni ya Nikolai Gogol, ileile ambayo Bava aliianzia kwa mbali. Kwa mtazamaji wa Nyakach au Vihiga hakuna cha kumfafanulia: kesha na maiti anakujua, na bibi kizee anayempanda mwanamume usiku na kumkimbiza mashambani amemsikia tangu utotoni kwenye habari za wachawi, jajuok na omulosi. Usiku wa tatu, Aleksandr Ptushko anayafungulia majini yake yote yatoke ukutani. Baadhi yanaonekana wazi kuwa ya mpira na gundi, lakini yanakuja mengi mno na kwa mpangilio mzuri mno kuweza kuyadharau. Mosfilm wenyewe wameweka filamu zao nyingi bure kwenye YouTube, anza kutafuta huko.

Mwisho ni I tre volti della paura, Bava tena, 1963, hadithi tatu na Boris Karloff. Chukua ya Kitaliano. Ile ya Marekani ilibadilisha mpangilio wa hadithi na kuigeuza ile ya simu kuwa ya mzimu, ilhali Bava aliipiga ya watu wazima wenye visasi vyao. Ya tone la maji, ambamo nesi anaiba pete kidoleni mwa maiti, ndiyo bora, na kwenye nakala ya Kitaliano inakaa mwisho panapoistahili. Baada yake Karloff anatokea akiwa juu ya farasi, kamera inarudi nyuma, na unaona farasi ni wa bandia na wafanyakazi wanakimbia kumzunguka wakiwa wameshika matawi. Nakala isiyo na farasi huyo si ya Kitaliano, hata kama jalada linasema hivyo.